Herufi Kwenye Ndizi za Mavuno

Mimi ni mtu wa kujicheka mwenyewe kabla wengine hawajanicheka, kwa hiyo nitawaambia yote, ila mkishasikia msije mkaniita Mama Utomvu kama wanavyoniita kule juu ya Kikatiti, maana jina hilo nimelibeba tangu nikiwa msichana na hata mume wangu alilisikia kabla hajalisikia la ubatizo. Niliumbuka mchana kweupe, mbele ya usharika mzima, Jumapili ya mavuno, tena nikiwa na gauni jipya. Na bado kila nikiikumbuka siku ile, namshukuru Mungu.

Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anafungua duka, kila mtu anauza kitu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa nyumbani Kaloleni, Arusha mjini, namsaidia mama kuuza mitumba (sisi ni watu wa Machame, lakini Umachame wangu ulikuwa wa mdomoni tu, migomba niliiona Krismasi kwa Krismasi na ndizi nilizifahamu zikiwa zimeshamenywa ziko kwenye sufuria), ndipo shangazi akanipatia kazi ya kufundisha chekechea katika usharika mmoja wa Wameru upande wa mlimani. Mwalimu Ndeshi, msichana wa mjini, viatu vya mchuchumio kwenye matope. Wale watu walinipokea kama binti yao, sikulala hata siku moja bila kuletewa maziwa au machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama.

Shida ilikuwa chumba. Darasa langu lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, na mfanyabiashara mmoja alikuwa anakitaka awekee saruji. Halafu huko barabarani ilikuwa imefunguliwa shule ya watoto ya kulipia, wanavaa sweta nyekundu na kusema "gudi moning ticha", na wazazi wa watoto wangu wakaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Mzee Anaeli, mzee wa kanisa aliyesimamia mali za usharika, akanijia siku moja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema bila kuzunguka.

"Mwalimu, sina ubaya na wewe. Lakini kila nikipita hapa watoto wanaimba. Juzi wanaimba, leo wanaimba. Nionyeshe hata mmoja anayeweza kuandika. Jumapili ya mavuno, mnada wa sadaka ukiisha, tutatangaza kama chumba kinabaki au kinakwenda."

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto huimba kwanza, mkono ukizoea ndipo aandike, lakini nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na hofu, na kwa sababu mjukuu wake mwenyewe, Elisante, alikuwa hajui kushika hata kijiti.

Sasa Ijumaa ya juma lile la mavuno ikanyesha mvua. Siku za kawaida tulikuwa tunaandika kwa vidole mchangani, uani, lakini siku hiyo uani hapakaliki, chaki zimeisha, na darasa limejaa mavuno, kwa sababu washarika walikuwa wameanza kuleta sadaka mapema, mikungu ya ndizi, mahindi, maboga, kuku wamefungwa miguu, na watoto wangu wamekaa katikati kana kwamba na wao wameletwa kupigwa mnada. Hapo ndipo nikapata akili (kuna akili nyingine heri zikupite). Nikachukua kijiti cha uzio chenye ncha, nikachora herufi a kwenye ganda la ndizi mbichi. Kijiti kikateleza vizuri, ukatokea mstari wa majimaji, ukang'aa kidogo, nilipoupangusa kwa kidole ukawa kama haupo. Nikasema hewaa, ubao wa bure, unaojifuta wenyewe!

Jamani walifurahi wale watoto! Kila mmoja akakimbilia mkungu wa kwao (wanaijua migomba yao wale, usidanganyike), wakaandika a, wakaandika e, wakatoa ndimi nje kwa juhudi, ndizi baada ya ndizi. Elisante ambaye chaki ilikuwa inamshinda, kijiti kilimtii. Akaandika e yake ya kwanza kwenye mkungu wa babu yake, akakijaza kichana kizima, halafu akanitazama kama mtu aliyeua simba. Nikawaaga nikiwa na raha, Jumamosi nikashuka mjini kwa mama, akanichagulia kwenye robota la mitumba gauni la rangi ya maziwa, la Jumapili.

Alfajiri ya Jumapili nikarudi mapema kuliko wote, nikafungua darasa. Mungu wangu! Mtoto yeyote wa mgombani angeniambia kwamba ukilikwaruza ganda la ndizi utomvu hukauka na kugeuka mweusi, lakini mimi nani aniambie? Mikungu yote ilikuwa imeandikwa, herufi nyeusi tii kama kwa masizi, a a a, e e e, sadaka ya Bwana imechorwa kuanzia juu mpaka chini. Nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa limau, ikawa ndiyo naing'arisha. Nikaigeuza mikungu, upande wenye herufi ukaangalia ukuta. Lakini ule wa Mzee Anaeli, mkubwa kuliko yote, Elisante alikuwa ameandika upande wa mbele kabisa na kwa uzito wake hauna namna ya kugeuka, basi nikachukua kisu cha kumenyea maboga nikakikata kichana chote kilichoandikwa, nikakificha kwenye kabati la majoho ya kwaya. Ndipo nikaona gauni langu limerukiwa na matone. Yalikuwa meupe, nikayapangusa, nikasema yatakauka. (Unaona? Utomvu ule ule, na mimi bado sijajifunza.)

Nikaenda kusimama mbele ya washarika kuwaimbisha watoto. Kila ubeti matone yanazidi kuiva. Tulipofika kwenye mahubiri yalikuwa ya kahawia, tulipofika kwenye baraka nilikuwa na madoa kama chui, na mama mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Mwalimu, ulikuwa shambani?"

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwa mnada. Dalali ni Mzee Anaeli mwenyewe. Mahindi yakaenda, kuku wakaenda, ukaletwa mkungu wa kwanza, wa Bibi Ndeonansia, mjane, jirani yangu. Mzee akaunyanyua, akauzungusha watu wauone, akasita.

"Hii ndizi imeandikwa."

Watu waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Ukaletwa wa pili, nao umeandikwa, wa tatu, nao. Nikasikia mtu anasema haya si ya kawaida, mwingine anasema kuna mkono wa mtu hapo, na hakuna aliyetaja bei. Mavuno ya mwaka mzima yamesimama, watu wanaogopa ndizi! Na mimi niliyejua nimesimama palepale, nasema kimoyomoyo ardhi ipasuke.

Akachomoka mtoto. Anande, mjukuu wa Bibi Ndeonansia, msichana ambaye darasani hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona. "Babu, huo ni wetu! Hiyo ni a, nimeandika mimi. Mwalimu alitufundisha." Akaanza kuzigusa kwa kidole, a, a, e, moja moja, mbele ya watu wazima wote. Watoto wengine kuona hivyo wakavamia mikungu, kila mmoja anatafuta ya kwake na kuisoma kwa kelele.

Bibi Ndeonansia akaja mbele taratibu. Akainamia ndizi, akazipapasa. "Mimi kalamu sijawahi kuishika," alisema. "Mzee Anaeli, huo mkungu hauendi kwa mtu mwingine. Nipe."

Basi kicheko, na bei zikapanda, kila mzazi anagombea maandishi ya mwanawe. Nikavuta pumzi, nikajiona nimepona. Ndipo ukaletwa mkungu wa Mzee Anaeli, na pengo lake katikati kama mzee aliyeng'oka meno.

"Huu umekatwa," alisema, na sauti haikuwa ya mzaha. "Nani ameiba sadaka?"

Elisante akasogea, akalitazama pengo, akaanza kulia. "Babu, ni pale nilipoandika mimi. Herufi zangu wamezichukua."

Nawaambieni, aibu ya ndizi kuandikwa ilikuwa mchezo. Aibu ilikuwa kulia kwa yule mtoto. Nilikuwa nimemsubiri aandike e hata moja, na alipoiandika nikaikata kwa kisu na kuificha. Watu wakaanza kuangalia gauni langu, doa kwa doa, na kabla hawajamaliza kuhesabu nikasema, "Ni mimi, Mzee. Nisameheni. Sikuiba, niliogopa." Nikaenda kabatini, nikarudi nimekikumbatia kile kichana (gauni lilikuwa limeshakufa, nijali nini), nikapiga magoti nikampa Elisante mwenye mali. Akajifuta kamasi, akaweka kidole. "E," akasema. "E. E. Na hii e."

Mzee Anaeli akainama, akazitazama zile e kwa karibu. "Nilitaka mmoja anayejua kuandika," akasema, "kumbe analala nyumbani kwangu." Akawageukia watu. "Mwenye saruji atafute kwingine." Halafu akaniinua kwa mkono, akanitazama madoa, akashindwa kujizuia. "Ila mwalimu, Mchaga usiyejua utomvu wa mgomba, wewe umetokea Uchaga gani?" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na nikacheka nao huku nalia. Wangeweza kunifukuza siku ile, wala nisingewalaumu. Badala yake akina mama wakaja Jumatatu na maboksi ya chaki.

Kichana cha Elisante hakikuliwa. Babu yake alikitundika barazani, kila mgeni akasomewa e, mpaka kikaiva na kuoza.

Nami nikajiapiza mambo mawili. Sitafuta wala kuficha herufi ya mtoto kabla mtu wa kwao hajaiona, na hilo nimelishika hadi leo nikiwa nafundisha watoto wa Anande. La pili, sitasogelea mgomba nikiwa na nguo ya Jumapili. Hilo nililivunja mwaka uliofuata, kwa sababu siku ya kuleta mavuno mikungu ilikuja imeshaandikwa majumbani, na kwenye ule wa Bibi Ndeonansia nikaona a moja kubwa, iliyopinda na kutetemeka, si ya mkono wa mtoto. Nikamwangalia Bibi. "Anande kanishika mkono," alisema, akatazama pembeni kwa haya kama msichana. Mnadani niliupigania mkungu ule mpaka nikaupata, nikaubeba begani mwenyewe hadi nyumbani, na gauni likaharibika tena.