Saluti ya Thad Broadnax

Thad Broadnax alipotimiza miaka ishirini jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye ndege ya kivita. Liliandikwa kwa herufi ndogo nyeusi, kwenye mlango wa gurudumu la mbele. La rubani lilikaa juu, chini ya kioo: Luteni Whitfield Garrick, na chini yake jina la utani, "Shemasi". Wenzake walimbandika hilo kwa sababu hakuwahi kutukana na sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayeongoza sala. Kule Suffolk, Virginia, kwenye mashamba ya karanga, mama yake Thad aliiweka picha ya kile kimlango ndani ya Biblia, na kila Jumapili aliwaonyesha hata wasiouliza.

Kazi ya Thad ilikuwa kuilea ile ndege kwenye sitaha ya meli ya kubebea ndege za kivita. Aliifuta, aliipekua, kisha aliikabidhi, na kukabidhi kuna taratibu zake. Kila kasoro huandikwa kwenye kitabu cha ndege, rubani akasoma na kutia sahihi kabla hajapanda. Injini zikishawaka hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo mikono ndiyo inayosema. Kidole gumba kikielekezwa chini, ndege haiendi. Mkono ukiwekwa kwenye paji la uso, maana yake ni kwamba nimekukabidhi ikiwa nzima. Baada ya saluti hiyo hakuna tena la kuulizana.

Asubuhi moja ya Machi, katikati ya bahari, injini zikiwa zinanguruma, Thad aliona mafuta ya haidroliki, yale yanayoendesha usukani, yakitiririka chini ya tumbo la ndege. Hayakuwa yale matone ya kila siku. Ulikuwa uzi mwekundu usiokatika. Akageuza kidole chini. Garrick akatikisa kichwa. Thad akakigeuza tena. Ndipo rubani akamwita kwa mkono, naye akapanda ngazi mpaka kwenye kioo.

"Brodi, usinifanyie hivi leo!" Garrick alimpigia kelele sikioni. "Kamanda mwenyewe yuko kule juu anatuangalia. Nikishuka, nafasi yangu anapewa mwingine."

"Inavuja, afande. Lazima iandikwe."

"Hili bibi kizee linavuja kila siku. Nitaandika mwenyewe nikirudi. Wewe ni mtu wangu, au siyo mtu wangu?"

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Luteni Wendell Aiken, msoma ramani na rada, ambaye mkewe alikuwa mjamzito wa miezi saba. Alikuwa ameinamia vyombo vyake na hakusikia neno. Alipoinua uso alimwona Thad, akampungia mkono.

Thad akashuka. Akasimama mbele ya pua ya ndege, akanyanyua mkono, akapiga saluti.

Zilipita dakika kumi na moja. Ndege ilikataa kugeuka angani, ikapinduka, na wote wawili wakarushwa nje pamoja na viti vyao. Mwavuli wa Garrick ulifunguka. Wa Aiken haukufunguka.

Jioni ya kabla ya kuhojiwa, Garrick alimfuata Thad kwenye stoo ya vifaa, mkono ukiwa kwenye bandeji, macho mekundu. Alilia kweli, hilo nisimnyime.

"Nivumilie, ndugu yangu. Nikisema ukweli sasa wananikata mbawa, na wewe pia unaanguka, maana ulipiga saluti. Tutaanguka wawili kwa faida gani? Sema hukuyaona mafuta. Wewe watakushusha cheo tu, basi. Mimi nikishapanda, nikishakuwa na sauti, nitalisafisha jina lako mbele ya watu. Namwapia Mungu."

Thad alikuwa na miaka ishirini, na mtu aliyemwapia aliitwa Shemasi. Kesho yake alisema hakuyaona mafuta. Waliomwona akipanda ngazi hawakuwa wamekiona kidole chake, wakadhani alikwenda kumfunga rubani mikanda. Garrick aliulizwa swali moja la maana, akajibu kwa sauti yake ile laini: "Alinipigia saluti, mkubwa." Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli.

Thad alinyang'anywa cheo, akamalizia mkataba wake kwenye chumba cha kufulia, akikunja mashuka ya mabaharia elfu tano. Mama yake aliitoa ile picha kwenye Biblia bila kumwambia kitu. Alirudi Suffolk, akapata kazi karakana ya mabasi ya shule, akaifanya miaka thelathini. Hakuna basi lililotoka pale bila kuandikiwa kasoro zake, hata kama kasoro yenyewe ilikuwa ufagio wa kioo unaolia. Madereva walimchukia kidogo kwa ajili hiyo.

Wiki chache baada ya mtoto wa Aiken kutimiza mwaka, Thad alipokea barua isiyo na salamu. Mjane, Ruthanne Aiken, alikuwa ameandika sentensi moja: "Leo binti yangu ametembea, nimeona ujue." Thad aliiweka barua hiyo kwenye sanduku la zana, na hakuijibu, kwa sababu jibu lilikuwa mdomoni mwa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa anapanda. Alipewa kikosi cha ndege, kisha akapewa meli nzima. Ikaja nyota ya kwanza ya uadmirali, ikaja ya pili. Kila Krismasi alituma kadi: Sijasahau, nivumilie. Earline, mke wa Thad, ndiye mtu pekee aliyeambiwa yote, na kadi zikija alizishika kwa ncha za vidole.

"Huyu mtu wako sauti inamwota lini?" aliuliza. "Nyota moja haina sauti, mbili hazina sauti. Anangoja wampe na mwezi?"

"Ana mambo mengi, Earline."

"Na wewe una moja tu, na amekukalia nalo."

Ikaja nyota ya tatu. Ikaja ya nne, na juu ya hapo hakuna pa kupanda. Kadi ya mwaka huo ilikuwa tofauti: Garrick anastaafu mwezi Juni, na anamtaka Thad asimame katika safu ya heshima. Ni desturi yao. Watu wanane husimama wanne wanne wakitazamana, filimbi inalia, wote wanapiga saluti, na mkubwa anapita katikati yao akitoka utumishini. "Ruthanne atakuwepo," kadi ilisema. "Kuna jambo nitalisema siku hiyo."

Thad aliisoma mara tatu. Akanunua suti na kofia. Akaanza kupiga mluzi akinyoa ndevu, jambo ambalo Earline hakuwahi kulisikia tangu waoane.

"Haya, mzee," alimwambia, akimnyoosha tai. "Akisema, nitamwomba radhi mbele ya mkewe. Asiposema, usinishike mkono."

Hema lilikuwa limesimamishwa gatini Norfolk; ilikuwa saa nne asubuhi, joto limeshaanza kuwavua watu makoti. Ruthanne Aiken alikaa mstari wa mbele, nywele nyeupe, mkoba juu ya magoti. Garrick alihutubia bila karatasi. Alifika kwenye ile asubuhi ya Machi, na Thad, kule pembeni, akainua uso.

"Kijana mmoja hakuona mafuta yakivuja," admirali alisema. "Nikampoteza rafiki yangu. Nilikuwa na kila sababu ya kumchukia kijana yule. Lakini Mungu alinifundisha kwamba kiongozi husamehe. Nilimsamehe, na leo yupo hapa nasi. Thad Broadnax, jionyeshe!"

Hema zima likapiga makofi. Wengine walisimama, wakafuta macho. Ruthanne naye alipiga makofi polepole, bila kugeuka, kwa kuwa kila mtu alikuwa akipiga. Thad alijiinua nusu, akaketi. Miaka thelathini na moja alikuwa amemtunzia mtu huyu siri yake, na mtu huyu alikuwa ameigeuza pambo la kuondokea.

Wakawaita wanane. Thad akaenda, akasimama wa mwisho upande wa kushoto, hatua chache kutoka mstari wa mbele. Filimbi ikalia. Mikono saba ikapanda kwenye paji la uso. Garrick akaanza kupita, kifua kimejaa nishani, mpaka akamfikia mtu wake.

Thad aliunyoosha mkono wake mbele, akakunja ngumi, akageuza kidole gumba chini. Akakishikilia hapo.

Garrick alisimama, ingawa hairuhusiwi kusimama. Rangi ilimtoka usoni mbele ya watu mia nne, kisha akapita haraka, akiangalia chini.

Wengi walidhani mzee amechanganyikiwa na joto. Lakini Ruthanne Aiken alikuwa mke wa mtu wa ndege za kivita kwa miaka sita, na ishara za sitaha alizijua kabla hajajifunza kuendesha gari. Alivuka zulia, mkoba ukaanguka, hakuuokota.

"Ulimwonyesha hivyo?" aliuliza. "Siku ile?"

"Mara mbili, mama."

"Na yeye alikuona?"

"Alinijibu."

Alisogea hatua moja karibu. "Halafu?"

Kwa mara ya kwanza tangu awe kijana, hakukuwa na mtu mwingine wa kumngojea aseme. Thad alivua kofia.

"Halafu nikampigia saluti," alisema.