Dada Hajambo Siku Zote

Dada yangu hajui kusema anaumwa. Nalisema hili kwa hasira na siombi radhi. Ana selimundu tangu utotoni, ule ugonjwa wa damu ambao ukikushika, mifupa inauma kwa ndani mpaka shuka unaliona zito. Lakini muulize hali. "Sijambo," atakwambia, huku jasho linamtiririka hadi kwenye nyusi. Mama ndiye aliyetulea hivyo: mtu akikusalimia, mjibu vizuri kwanza hata kama paa linaungua, maji utaomba baadaye.

Sisi wawili ni mafundi cherehani. Yeye anakata na kushona sare za shule, mimi natia vifungo, napiga pasi na kumsema. Maumivu yakimshika mguu, anauondoa kwenye pedali kimyakimya na kuendelea kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mlio wa cherehani unakuwa wa kusuasua, nami najua. "Vipi?" namuuliza. "Uzi huu mbovu tu." Siku zote ni uzi. Wateja wamempachika jina la Chuma, na mwenzangu analifurahia.

Zamani hospitali ilikuwa na chumba cha wagonjwa wa selimundu. Ukifika umejikunja, muuguzi wa pale anakujua, na sindano ya maumivu unaipata kabla hujamaliza kulia. Wakakifunga, wakakifanya stoo ya viti vibovu. Sasa unapanga foleni na wenye mafua, na ukilia unaambiwa umezoea sindano. Kuna siku dada alilala sakafuni kwenye foleni hiyo, kichwa mapajani mwangu. Muuguzi akapita. "Hujambo dada?" Naye kutoka pale chini akajibu, "Sijambo, pole na kazi." Nilitaka kumfinya, haki ya Mungu. Tulikaa pale mpaka jua likahamia dirisha la pili.

Basi serikali ikaunda tume ya kuwasikiliza wagonjwa wa maradhi ya kudumu, iamue kama vyumba vya namna ile virudishwe. Nikamwandikisha dada, yeye mwenyewe asingethubutu. Siku ilipofika akatoka na gauni jipya alilojishonea, wanja machoni, nywele zimebanwa vizuri.

"Dada, tunakwenda kusema unaumwa," nikamwambia, "hatuendi kuposwa."

"Siendi mbele ya watu wazima nikiwa kama kitambaa cha kufutia meza," akasema, na hapo hoja ikaisha.

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu, chupa za maji na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole wa miwani. Dada akamwamkia shikamoo.

"Marahaba mama, karibu. Habari za afya?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Nilifumba macho. Ndiyo kwanza tumeanza, na tumeshaharibu. Akawashukuru wauguzi kwa kazi ngumu, akasema maumivu yanakuja yanaondoka, akaomba chumba kirudishwe, kama itawezekana. Kama itawezekana, jamani. Miaka yote ya kujikaza kisabuni, halafu unaomba kama anayeazima chumvi. Akarudi kuketi, na nikamwona anakalia upande mmoja. Nyonga ilikuwa imeanza.

Akafuata daktari mkuu wa hospitali, koti jeupe limenyooshwa mpaka linang'aa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sina la kuongeza," akasema. "Mgonjwa mwenyewe mmemsikia, afya yake nzuri. Hata kwetu, kila akiulizwa hali anajibu hajambo. Haya mengine yametiwa chumvi."

Watu wakacheka kidogo. Mimi damu ilinichemka. Yule naye ni mtoto wa watu, amesalimiwa tangu ananyonya, anajua fika kwamba sijambo inasemwa hata na mtu anayekata roho. Alijua, na akaichukua adabu ya dada yangu akamfungia nayo mlango. Nikainuka nimtolee uvivu mbele ya kadamnasi. Dada akanivuta mkono, akanikalisha, akasimama yeye.

Safari hii hakujikaza. Alishika mgongo wa kiti, kisha kinachofuata, akisogea kwa kadiri mguu ulivyomruhusu, na njia nzima sura yake ilikuwa ile ninayoijua mimi peke yangu.

"Naomba kusema tena," akasema.

Mwenyekiti akatazama saa. "Haya mama, kwa kifupi. Mzima lakini?"

"Naumwa."

"Tunashukuru," akajibu mzee, macho kwenye karatasi zake.

"Unashukuru nini, baba?"

Mzee akavua miwani, akamtazama.

"Nimesema naumwa," dada akaendelea. "Naumwa nyonga na mgongo, na naumwa hivi ninavyosema na wewe. Nilipokwambia afya nzuri nilikuwa naumwa. Pale sakafuni nilipomwambia muuguzi sijambo, nilikuwa naumwa mpaka naomba nife. Ile ni salamu. Daktari anajua ni salamu, na yeye ana mama aliyemfundisha."

Daktari mkuu akaanza kuchunguza kalamu yake.

"Pole sana, mama," mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo.

"Asante, lakini pole ninazo nyingi nyumbani. Nimefuata chumba."

Akavuta kiti, akakiweka mbele kabisa ya meza yao, akaketi, akaanza upya tangu alipokuwa mtoto. Mimi nikaenda kusimama nyuma yake na mkoba wake kifuani, nawatazama mmoja mmoja, nikimsubiri atakayethubutu kumwambia muda umekwisha.