Kambare wa Harusi Yangu

Siku ile naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu: harufu ya udongo ulionyeshewa mvua kubwa za kwanza baada ya kiangazi. Ilikuwa zamani za Wabelgiji, kila nyumba ikilazimishwa kulima pamba, nami nilikuwa msichana wa kuolewa, hapa hapa Kasongo, kando ya kijito chetu kinachoshuka Lualaba. Mchumba wangu, Sefu, alifanya kazi mgodini upande wa Kabambare. Mzungu wake alimpa konji, likizo fupi, akamwambia akichelewa asirudi tena. Harusi ilikuwa ifungwe kesho yake, na wakwe zangu walikwisha kufika, wamechoka, wana njaa, na macho yao yanakagua kila kitu.

Kwetu bibi-harusi hakutolewa bila samaki. Na samaki walikuwa tele! Kijito kilikuwa kimefurika, maji yamepanda mpaka kwenye majani ya bondeni, na humo kambare wanene wanapigapiga mikia, wala hawamkimbii mtu. Ungewaokota kama viazi. Baba mdogo alishachukua panga na kikapu.

Bibi yangu, mama yake baba, akasimama katikati ya njia. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini siku hiyo hakuna aliyethubutu kumpita.

"Rudisha panga," akasema. "Wale iko na mimba. Wamepanda kuzaa."

Mama yake Sefu akawaka. "Mama, sisi tumetoka Kabambare kwa miguu, mutulishe majani? Kama samaki hakuna, na harusi hakuna. Tunarudi na mutoto wetu."

Nikaanza kulia. Ningefanya nini? Nilimpenda yule kijana. Bibi akanigeukia: "Unalia nini? Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Ndipo Sefu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akakohoa. "Mama, mimi niliomba konji juu ya muke, si juu ya samaki."

Watu wakacheka, hata baba mdogo mwenye panga lake. Mama mkwe hakucheka. Basi Bibi akamshika mkono taratibu, kama dada na dada, wakashuka wote wawili majini.

"Unasikia nini kwenye miguu?" Bibi akamwuliza.

"Maji iko na moto kidogo."

"Ndiyo. Kiangazi maji haya iko baridi, tena machache, na kambare hawezi kuzaa. Hata mvua ikianza, kama mto haujajaa na maji hayajapata joto, bado anangoja. Vikikutana vyote viwili, anapanda kutaga kwenye majani. Tukimuua leo, mwaka kesho tutakula nini?"

Kabla hajajibiwa, kambare mkubwa akapita katikati ya miguu ya mama mkwe. Mama mkwe alipiga ukelele, akamrukia Bibi shingoni, wakaanguka wote chali kwenye matope! Tulikimbia kuwainua, tukawakuta wanacheka mpaka machozi.

"Na huyu naye iko na mimba?" mama mkwe akauliza, akikamua kitenge chake.

"Ya watoto wengi kuliko wa kijiji kizima."

"Basi azae. Lakini mimi nitarudi kula."

Tukaoana kwa sombe, majani yale yale ya muhogo, na maharage, na ngoma ikachezwa vilevile. Sefu akawahi kazini, nami pamoja naye.

Mvua zilipokwisha, maji yakaanza kurudi mtoni, na kambare wakashuka nayo pamoja na wadogo waliozaliwa. Wakati huo nilikuja kwetu kujifungua mtoto wangu wa kwanza, na aliyenisindikiza ni mama mkwe mwenyewe. Baba mdogo na wenzake walikinga kijito kwa uzio wa matete, wakatega migono, ile mitego ya kusukwa. Ilivutwa na watu wazima wakihema. Wadogo waliachiwa waende zao. Mama mkwe alikula, akapumzika, akala tena, kisha akakausha mzigo mzima juu ya moshi apeleke Kabambare, akimwambia kila anayepita kwamba hii ndiyo harusi ya mwanawe.

Sasa wewe, mwanangu, nakuona mvua ya kwanza ikinyesha unakimbilia bondeni na chandarua, unazoa mama, yai na mtoto. Bandu bandu huisha gogo. Mvua za siku hizi hazina ahadi. Mwaka huu zinawahi, mwaka mwingine zinachelewa, kwa hiyo usiulize ni mwezi gani. Tia mguu majini. Yakiwa yamepanda na yana joto, rudi nyumbani ukapalilie muhogo. Yakipungua, nenda na mgono wako, ukamwachie mdogo apite. Na anayekuzuia leo usimwone adui kabla hujamsikiliza.

Nenda salama. Mungu akupe mto wenye uhai, nyumba yenye kicheko, na wajukuu watakaokula ulichowaachia. Amina.