Mwaka Mama Alipokataa Uruva

Enzi zetu pale Mutsamudu, Mfaransa akiwa bado na bendera yake, maji yakishakupwa mama zetu walishuka mwambani na vikapu vya uruva, majani ya sumu yaliyoteremshwa na wanawake wa Patsy, kijiji cha mlimani juu yetu. Yakipondwa na kutiwa vidimbwini, samaki walilewa wakaelea, nasi watoto tuliotoroka chuo cha Kurani tukawaokota huku tukisukumana. Jioni mtaa mzima ulinukia samaki wa nazi, na tulimla na kichwa chake. Vijana wa leo wakikutana na mfupa mmoja wanataka daktari.

Lakini uruva haukuchagua; uliua mkubwa na mdogo. Ikafika siku tukaokota vidagaa visivyomtosha paka. Mama yangu, kiongozi wa wanawake wa mtaani kwetu, akala yamini: hapondi tena uruva mpaka samaki warudi. Wenzake wakamfuata, shingo upande.

Basi tukala muhogo. Asubuhi muhogo, jioni muhogo. Jirani yetu Bweni Echati (kwetu "bweni" ni "bi"), ambaye ulimi wake haukujua likizo, alipita mlangoni akipaza sauti: "Bahari ya Mungu, yeye kaifunga kwa ufunguo gani?" Wanawake wawili wakajitoa. Na mimi, mtoto wa miaka tisa, nikamwambia mama mbele ya wageni kwamba afadhali ningezaliwa na Bweni Echati. Mama aliendelea kumenya muhogo. Mpaka leo naona haya.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mjomba alitupakia katika ngalawa yake, na mama akamwita Bweni Echati aje pia. Juu ya mwamba maji yalikuwa maangavu. Niliona pono, niliona changu, vikundi vya samaki wadogo vikigeuka pamoja, na kasa akila majani ya bahari bila haraka. Kwa furaha nikaanza: "Moja, mbili, tatu..." Mama akaniziba mdomo. Kwetu viumbe hai havihesabiwi. Kuvihesabu ni kuvitia kijicho.

"Mashallah," alisema Bweni Echati. Kisha akamgeukia mama. "Bweni, nilikuja ili nikirudi mjini nikucheke. Nisamehe."

Kesho yake ni yeye aliyesimama njiani akawarudisha wanawake wa Patsy na mizigo yao ya uruva.

Sasa naishi Moroni. Wajukuu zangu, macho kwenye simu, huniambia mimi bibi yao, "Koko, samaki wamekwisha," nasi watu wazima tunawakaangia mabawa ya kuku wa kugandishwa wasije wakatununia. Samaki hawajakwisha. Niliwaona wakirudi kwa macho yangu, na watarudi tena, siku atakapopatikana mzazi aliye tayari kuchukiwa na mwanawe mwaka mzima.