Uso wa Orrin Stoddard

Verna Stoddard alikaanga mayai kwenye mgahawa mmoja wa Lone Pine, chini ya milima ya California, tangu usichana wake mpaka mwanawe akawa mtu mzima na mvi zikamjaa kichwani. Picha za sinema za kauboi zilizopigwa kwenye miamba ya pale alizijua zote, tena si zile za maana. Alipenda za ovyo, zile ambazo hata waliozitengeneza walishazisahau. Watu walimcheka. Waache wacheke, wao walikuwa na picha za baba zao ukutani, na Verna hakuwa nayo hata moja.

Baba yake, Orrin, kazi yake ilikuwa kuanguka farasini badala ya nyota wa picha. Alifariki Verna angali ananyonya. Sasa wewe fikiria, mtu wa kuanguka sharti afiche uso, watazamaji wasije wakagundua kuwa si nyota. Kwa hiyo Verna alikuwa ameuona mgongo wa baba yake tu, maisha yake yote.

Jumamosi moja mchana, kwenye ukumbi wa sinema wa pale mjini, wakaonyesha picha iliyookotwa ghalani, mbovu kwelikweli. Mzee Cleve, aliyewahi kufanya kazi na Orrin, aliketi kando ya Verna.

"Huyo anayekufa ndiye baba yako," akamnong'oneza.

Mgongo tena. Verna akainamisha kichwa.

"Tulia, mwanangu. Kwenye hizi za ovyo maiti hapumziki. Ukishakufa unabadilishiwa kofia, unapanda farasi unawakimbiza waliokuua."

"Unanitania, mzee."

"Nikutanie nini? Watu tulikuwa wachache."

Kweli, wakatokea wapanda farasi, vumbi tupu. Mmoja wao, huku akijua fika kwamba ni marufuku, akageuka, akaitazama kamera, akacheka. Kosa la aibu hilo. Picha ya maana ingelikata palepale, lakini hii haikuwa na uwezo wa kurudia kitu, wakaliacha.

Yale meno ya mbele yaliyopandana yalikuwa ya Verna mwenyewe. Mshangao uliompata mimi siwezi kuueleza. Alisimama katikati ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

"Umemwona?" Mzee Cleve akauliza.

"Nimemwona." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mzee, mbona hamkuniambia? Huyu ni mtoto. Ni mdogo kuliko mwanangu."