Kipoza Hewa Kilichochukia Vijiji

Nakiri bila kubanwa. Nilikuwa dereva wa Katibu mmoja wa Chama hapa Tabora, na gari letu kuukuu lilikuwa na kipoza hewa kigeugeu. Porini kilipuliza vizuri, lakini tukifika kijijini kinazimika. Tukitoka, nikikiwasha kinakubali. Nilikaza mkanda, nikabadilisha fyuzi, nikafumua nyaya, wapi. Kwenye njia ya Igalula uvumilivu ukanishinda, nikaropoka: "Ndugu Katibu, gari hili halipendi vijiji vya Ujamaa."

Akanitazama mpaka nikaona kazi yangu imeota mbawa. Mara tukawakuta wazee wawili kando ya njia. Nikapunguza mwendo, nikainama dirishani kama nifanyavyo kila kijijini.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

Upepo ukakatika.

Katibu akaonyesha goti langu, lililokuwa limebonyeza swichi ya kipoza hewa chini ya dashibodi.

"Ndugu dereva, adui wa Ujamaa si gari. Ni goti lako."