Shangazi na Mazombi

Shangazi yangu ni dereva wa gari la wagonjwa, na kwenye mchezo wetu wa mazombi hafai kabisa. Mezani, sisi watoto pamoja naye tunapanga nyumba za maboksi na visanamu alivyovipaka rangi ya kucha. Anayevuka geti kwanza, akiwa hai, ndiye mshindi.

Jana kisanamu chake kilikuwa kimeshagusa geti. Changu kilikuwa nyuma, kimezingirwa na mazombi. Akarusha dadu, akakigeuza chake, akaja kunichukua. Tukaliwa wote wawili.

"Shangazi, si ulikuwa umeshashinda!" nikafoka.

"Halafu mama yako ningemwambia nini?"

Tangu tuanze kucheza hajawahi kushinda. Ila tukipanga upya, watoto wote tunagombania kuweka visanamu vyetu karibu na chake.